Nilivyoyachemsha Maji ya Kashi

Wenzangu, mkiniona nimefika kwa shemeji yangu kule Houston nikakaa sebuleni kama mgeni wa siku ya kwanza, sishiki jagi, sishiki glasi, mpaka mtu anyanyuke animiminie maji ya kunywa, msidhani ni adabu za Kichaga. Ni aibu. Tena ni aibu iliyoingia kwenye ukoo wa watu, inasimuliwa kwa Kigujarati mbele yangu mwenyewe (neno pekee ninaloelewa kwenye hadithi nzima ni Neema, halafu wanacheka), na kwa kuwa wengine wenu mmeshaisikia nusunusu kwenye sherehe za watu pale Arlington, mkaitia na chumvi zenu, bora niitoe mimi mwenyewe, ili mkinicheka mnicheke kwa haki.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kushuku. Sikufundishwa, nimerithi; mama yangu kule Moshi akinunua maziwa anachovya kidole, anaonja, anamtazama muuzaji usoni, anaonja tena, ndipo anatoa chombo. Nimekuja Marekani na tabia hiyo hiyo, barua ikiandikwa nimeshinda zawadi naichana kabla sijafika mstari wa pili, na fundi akija kutengeneza friji nasimama nyuma yake mpaka jasho linamtoka. Kisha Mungu akanipa kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa hapa Euless, Texas, na kule wakanifundisha kwamba kila kitasa kina vijidudu, kila taulo ina vijidudu, na mkono wa binadamu ndio mbaya kuliko vyote. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa na shuku zake akaongezewa na cheti.

Mume wangu Dinesh, mnamjua, ni Mhindi wa Tanga, anafanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege. Mama yake sote tunamwita Ba, ndiyo mama kwa Kigujarati, na Ba alikuwa anaishi Houston kwa mwanawe mkubwa Bhavesh, pamoja na mke wa Bhavesh anayeitwa Hansa. Hansa yeye alitoka India moja kwa moja, Kiswahili hajui hata cha kuombea chumvi. Lakini Ba amezaliwa Tanga, akalelewa Tanga, akaolewa Tanga, na Kiswahili chake mimi wa Moshi nikikisikia natamani nirudi darasa la tatu.

Sasa tatizo langu na Ba lilikuwa moja: alikuwa mwema mno. Mwanawe ameoa Mchaga, Mlutheri, mla nyama, na mama wa watu hajasema neno. Nikifika ananipokea mkoba, ananiuliza hali ya mama yangu, hali ya ndizi za mama yangu, ananitilia chai. Mkwe asiyekutafutia kosa hata moja mnamwelewaje nyie? Mimi nilimwelewa hivi, kwamba analitunza neno lake mahali, anasubiri nikosee mara moja, kubwa, mbele za watu, alitoe lote kwa mkupuo. Nikawa natembea kwenye ile nyumba ya Houston kama mtu aliyebeba mayai.

Mwaka wa mkasa ni mwanzoni mwa hii miaka ya elfu mbili. Figo za Ba zilikuwa zimeanza kumsumbua, na daktari akamwambia habari ya kupanda ndege ndefu aisahau. Hilo lilimuuma kuliko figo zenyewe, kwa sababu marehemu mume wake alimwahidi tangu ujana kwamba atampeleka Kashi, ule mji wao mtakatifu kando ya mto Ganga (kwenye ramani mtauona umeandikwa Varanasi, Ba haujui kwa jina hilo), akamwahidi mwaka baada ya mwaka, duka likawa linamzuia, mpaka akafa na ahadi yake. Ba akampigia simu Dinesh, nendeni nyie, wewe na mkeo na mtoto, nauli nitatoa mimi, ukaoge mtoni kwa niaba yangu, mniletee maji ya mto. Kisha akaomba apewe mimi.

"Neema, mwanangu, maji hayo nayaweka mikononi mwako," akaniambia. "Dinesh atayasahau kwenye teksi. Niletee hayo tu, sitaki kanga wala bangili."

Mkwe mwingine angefurahi. Mimi nikaweka simu chini nikamwambia Dinesh, huu mtego. Dinesh akaniuliza mtego wa nini, nikamwambia machale yameshanicheza.

Safari yenyewe sitaisimulia yote, kwa sababu kusema kweli sikuiona. Nilikuwa nalinda. Tulipofika Kashi, ule mji una ngazi pana za mawe zinazoshuka mpaka ndani ya mto, na kwenye ngazi hizo kuna watu wa kila aina, wanaoomba, wanaonyoa, wanaouza maua, wanaolia, na mimi kila aliyetusogelea nilimwona mwizi. Mzee aliyetaka kutushikia mzigo, mwizi. Mtu aliyetaka kutuonyesha njia bure, huyo ndiye mwizi hasa, bure ya wapi? Kuhani mmoja amekaa chini ya mwavuli wake akatuuliza jina kamili la Ba ili amwombee, nami nikajiuliza jina kamili anataka la nini, nikamtajia jina la mama mmoja Mmarekani jirani yetu wa ghorofa ya chini pale Euless. Basi yule jirani, ambaye hata salamu hatusalimiani vizuri kwa ajili ya maegesho, akaombewa dua ndefu nzuri na maua juu, mpaka Dinesh alipogundua, ikabidi dua ianze upya.

Dinesh aliposhuka mtoni kuoga kwa niaba ya mama yake, maji yakamfika kifuani, akazama mara moja, akazama tena, alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika, analia kama mtoto. Wenzangu, mume wangu sijawahi kumwona akilia, si kwenye harusi, si msibani kwa baba yake. Na siku hiyo nilimwona kwa jicho moja tu, kwa sababu jicho la pili lilikuwa kwenye viatu. Nilikuwa nimevikalia viatu vyetu vyote, pasipoti tatu nimezitia kifuani, mtoto nimemfunga na ncha ya mtandio wangu kiunoni. Hilo nalijutia mpaka leo.

Kisha ikaja zamu ya maji. Tulinunua chungu kidogo cha shaba chenye kifuniko, tukapanda mtumbwi, na mwenye mtumbwi akatupeleka katikati ya mto, akainama akachota. Sasa alipoinama mikono yake sikuiona. Nikamwambia Dinesh mwambie amwage achote tena mbele yangu. Akamwaga. Akachota tena. Nikaomba na ya tatu. Yule baba alinitazama, akasema neno moja kwa Dinesh, Dinesh akakataa kunitafsiria. Tuliporudi ngazini kuhani akakiombea kile chungu na kukifunga kifuniko kwa lakiri nyekundu, ile ya kufungia vifurushi vya posta zamani, akaipiga na muhuri wake, kazi ikaisha.

Kazi ikaisha kwao. Kwangu ilikuwa ndiyo inaanza, maana wakati wengine wanatazama mishumaa na maua yanavyoelea, mimi nilikuwa naangalia kilicho ndani ya maji. Nyati wanaoga. Watu wanafua, povu linapita. Juu kidogo wanachoma maiti, majivu yanaingia mtoni. Mama mmoja pembeni yangu alikuwa anakinga maji kwa viganja, anakunywa, machozi yanamtiririka, na mimi badala ya kuona imani ya mtu nikaona tumbo la kuhara. Nikamfikiria Ba na figo zake. Nikajiona nimekaa kwenye kiti cha hospitali Houston, Hansa amenisimamia, ukoo mzima uko kwenye korido unasema, maji aliyaleta nani? Aliyaleta Neema.

Ndipo nikauelewa mtego. Nisipoyaleta, nimemnyima mama wa watu haja ya moyo wake. Nikiyaleta akayanywa, nimemuua.

Tulirudi Texas salama, chungu nimekipakata ndege zote, wakati huo walikuwa bado wanaruhusu. Ikapangwa Jumamosi tukipeleke Houston, na Hansa akaita ndugu na wazee wa hekalu lao waje wakipokee. Ijumaa mchana Dinesh yuko kazini, mimi niko peke yangu jikoni, chungu kiko mezani kinanitazama. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu, uamuzi mdogo kabisa, uamuzi ambao mtoto yeyote wa Kitanzania angeufanya bila kufikiri mara mbili. Kwetu maji ya kunywa yanafanywaje? Yanachemshwa. Ya mto, ya kisima, ya bomba, yanachemshwa, yanachujwa kwa kitambaa, yanapozwa, yanawekwa. Nikasema nitayachemsha, maji yatabaki ni ya Ganga yale yale, ila hayana maradhi. Ba atakunywa, ataishi, na hakuna atakayejua.

Nikachukua kisu nikabandua lakiri. Nikatafuta sufuria. Sasa nyumbani kwetu sufuria zina uraia, zipo za upande wa Dinesh ambazo nyama haijawahi kuziona, na ipo moja ya kwangu, sufuria kubwa niliyoletewa na mama kutoka Moshi, nimeifunga utepe mwekundu mpinini isichanganywe. Siku hiyo nilikuwa nimewapikia wageni wa Ba dengu, viazi na wali, kwa hiyo sufuria zote za Dinesh zilikuwa zimejaa vyakula, zimefunikwa, tayari kwa safari. Iliyobaki tupu ni ile yenye utepe.

Ya mtori.

Kwa wale wasio wa kwetu, mtori ni ndizi na nyama ya ng'ombe. Ng'ombe, wenzangu, ambaye kwa akina Ba ni kama mama. Najua. Msiniangalie hivyo. Mimi niliisugua ile sufuria kwa steelwire mpaka ikang'aa kama kioo, nikaisuuza kwa maji ya moto, nikajiambia moto husafisha kila kitu, na nusu saa baadaye maji matakatifu ya Kashi yalikuwa yanatokota kwenye sufuria ya mtori pale Euless huku ndege zinapita juu ya paa.

Yalipochemka yakapungua. Hilo sikulifikiria. Nilipoyarudisha kwenye chungu nikakitikisa, kikacheza, mtu yeyote akikishika angejua kimepungua. Nikafungua bomba nikaongeza. Kidogo, kama kikombe kimoja (haya, viwili). Kisha ikabaki lakiri. Lakiri Euless utaipata wapi Ijumaa mchana? Nikazunguka nyumba, nikakuta mshumaa mwekundu niliopewa zawadi ya Krismasi kazini, mshumaa wa harufu, ya tofaa na mdalasini. Nikauyeyusha, nikazungushia kifuniko, nikapigia muhuri kwa kitufe cha koti. Kwa macho ulikuwa unafanana. Harufu nilisema itatoka nta ikikauka.

Haikutoka. Jumamosi asubuhi tumeingia kwenye gari, hatujafika hata Ennis, Dinesh ananusa, ananiuliza nani kaoka keki. Nikamwambia ni sabuni ya mtoto. Mtoto nyuma akasema kwa Kiingereza chake kwamba chungu cha Ba kinanukia Krismasi, nikamwambia alale. Tukasimama Huntsville kula, na mimi kwa shuku zangu sikutaka kuingia hotelini nimebeba chungu watu wakakiona wakakitamani, nikakifunga taulo nikakificha chini ya kiti, nikafunga milango, nikahakikisha mara mbili. Julai. Texas. Gari limeegeshwa juani. Nilipokumbuka kwamba mshumaa ni mshumaa, tulikuwa tumeshaingia Houston.

Nyumba ya Bhavesh ilikuwa imejaa. Viatu mlangoni mpaka kwenye majani, akina mama na sari zao nzuri, wazee wa hekalu wameketi mbele, na Ba katikati kwenye kiti, amevaa sari nyeupe, amepungua. Aliponiona nimeshika kile chungu alifumba macho akaunganisha viganja. Nikampa, akakigusisha kwenye paji la uso, akampa Bhavesh, naye akakigusisha, kikaanza kuzunguka sebule nzima mkono kwa mkono, kila mmoja anakiinua mpaka kwenye paji.

Na kila mmoja ananusa. Niliwaona. Anakiinua kwa heshima, anakifikisha usoni, pua inatikisika, macho yanafunguka kidogo, anampa mwenzake haraka na kutazama mbele kama hajasikia kitu. Halafu nikaona jambo la pili, kwamba nta yangu imelainika, na kila anayekigusisha inamwachia kwenye paji la uso bonge jekundu. Ba anayo. Bhavesh anayo. Safu nzima ya akina mama wanayo, sebule imejaa mapaji mekundu yanayonukia mdalasini, na Hansa anawatazama wageni wake mmoja mmoja kama mtu anayehesabu vijiko baada ya karamu. Kilipomfikia mzee wa hekalu, akakishika kwa juu, kifuniko kikateleza mkononi mwake taratibu, maji yakammwagikia mapajani.

Maji meupe. Meupe pe, kama ya chupa. Na pale sebuleni walikuwepo watu waliokwisha kwenda Kashi na wanajua maji yake yana rangi gani.

Hansa akaanza kwa Kigujarati, sauti chini, halafu wengine, na Bhavesh akasimama akamgeukia mdogo wake, akamuuliza kwa Kiswahili wageni wasielewe, kwamba kweli mlikwenda? Au pesa za Ba mlikwenda kutembelea, maji mkafungulia bomba?

Dinesh akasema, kaka, niliingia mtoni mwenyewe. Bhavesh akamwambia na hii harufu ya keki ndiyo ya mtoni? Wageni wakaanza kumtazama yeye, Dinesh, aliyelia ndani ya maji kwa ajili ya mama yake, na mimi ninayejua nimesimama nyuma ya kochi natazama zulia. Nikiri tu, kwa muda kidogo nilifikiri kunyamaza. Ningeweza kusema nta yao ilikuwa mbovu, ningeweza kumsingizia yule mwenye mtumbwi, huko mbali nani atamuuliza? Lakini Dinesh akanigeukia, polepole, na nikaona ameshajua.

"Neema, ume-open hiki chungu?"

Nikamtazama Ba badala yake. Nikamwambia, Ba, maji ni ya Ganga, nilisimamia mwenyewe yakichotwa mara tatu, ila nilipoona yalivyo nikaogopa, nikayachemsha. Nikaongeza na kidogo ya bomba. Na mshumaa ni wangu.

Bhavesh akashika kichwa. Ba hakushtuka. Alinitazama, na yale macho ya mwanamke aliyepika Tanga maisha yake yote, anayejua jiko la Mswahili kama anavyojua lake, nikayaona yanafika mahali ambapo wengine wote hawakufika.

"Ulichemshia sufuria gani?"

Wenzangu, pale ningeomba ardhi ipasuke. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku hiyo niliiona ndefu, nzuri, ina lami. Ningesema ya chai. Ningesema mpya. Nikasema, "Ya mtori, Ba."

Katika watu wote wale, walioelewa ni watatu. Dinesh akafunika uso kwa viganja viwili. Bhavesh akakodolea macho mkono wake mwenyewe uliokishika chungu, akaupeleka polepole kwenye paji la uso, akaurudisha bila kugusa. Hansa akamvuta mumewe mkono, amesema nini, amesema nini, na sebule yote imegeuka inasubiri tafsiri, na Bhavesh hatafsiri. Nilijua saa ile ndiyo niliyokuwa naisubiri tangu niolewe. Neno la Ba lililotunzwa siku zote sasa linatoka.

Ba akawageukia wageni, akasema kwa Kigujarati, maneno machache, sauti ya kawaida kabisa. Nikaona nyuso zinalegea. Mama mmoja akaguna, mwingine akacheka, mzee wa hekalu akakung'uta suruali yake na kutikisa kichwa. Nikamuuliza Dinesh kwa sauti ya chini mama amesemaje.

"Amesema umeyachemsha ili asiugue," Dinesh akanijibu.

"Na sufuria?"

"Sufuria hajasema."

Ba akanyanyuka mwenyewe, akachukua chungu, akaniita kwa kidole tutoke uani. Akayamwaga yote kwenye maua ya Hansa, taratibu, mpaka tone la mwisho, kisha akaniongoza jikoni akafunga mlango, akawa anajipangusa nta kwenye paji la uso kwa kitambaa cha vyombo. Mimi nimesimama mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Ulidhani nitayanywa?"

Nikamwambia ndiyo, Ba, si ndiyo maana uliyataka.

"Yale hayanywewi ovyo, mwanangu. Yanawekwa, yamefungwa hivyo hivyo, mpaka siku yangu ikifika. Nikiwa nakata roho ndipo mnanitia tone mdomoni." Akanitazama. "Mtu anayekata roho, Neema, vijidudu vitamfanya nini?"

Kumbe wote walijua. Dinesh alijua, Bhavesh alijua, hata yule mwenye mtumbwi alijua, na hakuna aliyeniambia kwa sababu kwao kifo hakitajwi mbele ya mgonjwa, ukikitaja umekiita, kwa hiyo Ba alisema tu nileteeni maji na kila mtu akaelewa, isipokuwa mkwe mmoja. Na mkwe mwenyewe hakuuliza. Kwetu wanasema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, lakini mtu wa kushuku haulizi, wenzangu, anadhani akiuliza atadanganywa.

Ba akaniuliza kama niliogopa asife. Hapo ningejibu ndiyo, jibu zuri, la mkwe mwema, na angelipokea. Lakini nilikuwa nimechoka kutembea na mayai.

"Niliogopa wakisema nimekuua," nikamwambia.

Ba akacheka. Simwambii mtu uongo, alicheka mpaka akashika sinki, mpaka machozi, na mimi nikaanza kulia kwa machozi yasiyo ya kucheka, tukawa wawili pale jikoni tunafuta macho kwa kitambaa kimoja chenye nta.

"Basi sifi," akasema alipotulia. "Nitafaje na maji sina? Mpaka urudi ukachote mengine, wewe mwenyewe."

Nikamwapia kwamba tutarudi, mapema iwezekanavyo, na safari hii chungu sitakigusa, nitakibeba kwa vidole viwili.

Hiyo ilikuwa miaka mingi iliyopita. Hansa alikuja kuijua habari ya sufuria baadaye, kwa bahati mbaya, na tangu hapo nikiingia jikoni kwake anaingia pia. Binamu mmoja wa Dinesh alipokwenda Kashi akaleta chungu kizuri, kimefungwa vizuri, Ba akakikataa mbele ya ukoo, akasema ampe mgonjwa mwingine, yeye anangoja cha Neema. Madaktari wa figo wameshabadilika, mmoja amestaafu, wa sasa kila akimpima anauliza huyu mama anakula nini.

Na kila tukipata likizo, tukakusanya nauli, nikampigia kumwambia Ba sasa tunakata tiketi, ananiuliza kwanza mtoto atakosa shule? Nikimwambia ni likizo, anasema basi subirini joto lipungue kule. Joto likipungua, anasema subirini kwanza harusi ya fulani. Mara ya mwisho hakutafuta hata sababu. Alisema tu, "Hakuna haraka, mwanangu, wewe umefika vipi kazini leo?" na tukaongea habari za kazi.

Mimi ni mtu wa kushuku, nimewaambia. Na katika kushuku kwangu kote hili ndilo nina uhakika nalo, kwamba yule mama anajua anachokifanya. Dinesh ananiuliza kila mwaka mbona safari ya Kashi huizungumzii tena, na mimi namwambia nauli zimepanda. Tiketi sijakata, na sikati.